Mlango Uliofumuliwa

Mlipoachana na Candide wiki iliyopita, wasomaji, alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti cha chumba chake pale Yeoville, Johannesburg, kipande cha fremu ya mlango mkononi, akipiga kelele hadi wapangaji wa uani wakatoka na povu la sabuni usoni. Wezi walikuwa wamekuja mara ya pili.

Mara ya kwanza walibeba televisheni na sufuria. Candide akanunua kitasa kipya, kikubwa, kizito kama jiwe la kusagia. Mara ya pili walibeba cherehani, na pamoja nayo gauni la harusi la Chloé, binti wa Denise msusi, gauni lililokuwa limebakiza pindo tu.

Na kile kitasa? Kilikuwa kizima. Ulimi wake wa chuma ulikuwa nje, imara, umeuma hewa. Ni mbao ya fremu iliyokuwa imeachia.

Wiki iliyopita alilia. Wiki hii machozi yalikauka, na mahali pake pakaja hasira.

Hasira hiyo aliianzisha Denise, aliyekuja asubuhi na mapema, kitambaa kichwani na mkono kiunoni.

"Mwizi gani anaiba gauni lisilo na pindo, Candide? Sema umeliuza, tujue."

"Denise, mimi nimeshonea nusu ya makanisa ya mtaa huu. Nguo ya nani nimewahi kuiuza?"

"Sijui ya nani. Najua ya mwanangu haipo."

Denise akaondoka. Maneno yake yakabaki, kama harufu ya kitu kilichoungua. Fundi cherehani akishaitwa mwizi wa vitambaa, hata aoge kwa maziwa, watu watampelekea mwingine nguo zao.

Candide akaenda moja kwa moja kwa Damien, Mkongomani wa Lubumbashi aliyeikodi nyumba ile nzima na kuwapangishia wenzake chumba kwa chumba. Alimkuta anapaka viatu rangi.

"Damien, fremu imepasuka. Nataka itengenezwe."

"Mama Fiona, mimi nilikupa mlango. Mlango iko. Kitasa iko. Iko nini tena?"

"Fremu."

"Fremu ni mbao, mama. Mbao inavunjikaka."

"Basi nitaleta fundi mwenyewe, aifunge kwenye ukuta."

Damien akaacha brashi. "Hapana! Sitaki mtu atoboe ukuta yangu."

"Ukuta wako unalinda nini? Upepo?"

"Mama, heshima."

"Heshima iliibwa pamoja na cherehani. Fundi anakuja. Ukitaka kumzuia, simama wewe pale mlangoni badala ya mlango, wezi wakupige teke wewe."

Wapangaji waliokuwa kwenye bomba wakacheka. Damien hakucheka. Akarudia brashi yake, na habari ya ukuta ikaishia hapo.

Jioni mumewe akarudi. Juvénal alikuwa mlinzi Kensington, kwenye nyumba za watu wenye kuta ndefu na nyaya za umeme juu yake. Aliingia na sare yake, akakaa, akavitazama viatu vyake.

"Tununue kitasa kingine," akasema.

"Kitasa kimekosa nini? Kitasa kipo! Wewe unalinda mbwa wa watu Kensington, mkeo anaibiwa mchana kweupe, halafu unaniambia kitasa?"

"Tumwachie Mungu, Mama Fiona."

"Mungu alinipa mikono. Mikono ilikuwa inataka cherehani."

Juvénal akajikuna shingo. "Fundi wa nini lakini? Labda tutahama karibuni."

"Tutahamia wapi?"

Juvénal akainama kufungua kamba za viatu. Candide akaona ni uchovu wa kazi. Mwanamke aliyekasirika huona mengi, lakini si yote.

*

Fundi alikuja Jumamosi. Aliitwa Pandu, mtu wa Pemba, mpole wa maneno, mwenye drili ya zamani aliyoifunga mkanda mweusi.

"Unataka nikufanyie nini, Mama Fiona?"

"Nataka mlango ambao tembo akiupiga teke, tembo ndiye atakayelia."

Pandu akacheka, akauchungulia mlango juu mpaka chini. Akasukuma fremu kwa kiganja. Ikacheza.

"Hii haikushikwa na kitu," akasema. "Imeshikwa na rangi."

Akabandua ubao mwembamba wa pembeni. Nyuma yake, kati ya fremu na matofali, palikuwa na pengo ambalo vidole vyako vingepita. Ndani ya pengo mlikuwa na magazeti makuukuu na mende waliokufa.

"Umeona? Mtu akipiga teke, mbao inarudi nyuma, na nyuma hakuna kitu. Ulimi wa kitasa unachomoka wenyewe. Watu wananunua kitasa kikubwa wakakifunga kwenye njiti ya kiberiti."

Candide akahisi damu inampanda. Miaka yote aliyoishi katika chumba kile alikuwa analala nyuma ya magazeti.

Pandu akaanza kazi. Akajaza pengo kwa kabari za mbao ngumu, akizigonga mpaka fremu ikaacha kucheza. Akatoboa fremu mpaka ndani ya matofali na kuingiza bolti ndefu. Vumbi jekundu likamwagika sakafuni. Kwenye bawaba akang'oa skrubu fupi na kutia ndefu zilizozama mpaka ukutani. Ukingo wa mlango, pale kitasa kinapokaa, akauvalisha bamba la chuma lililokunjwa kama pindo.

Mwisho akafika kwenye kile kibati kidogo cha kwenye fremu, kile kinachopokea ulimi wa kitasa. Kilikuwa kinaning'inia kwa skrubu moja. Akakitoa pamoja na kipande cha mbao kilichobaki nacho.

"Hiki ni cha kutupa. Naweka bamba refu, kutoka hapa kiunoni mpaka huku kifuani."

Candide akakipokea ili akitupe. Akakitazama. Akakipeleka kwenye mwanga.

Tundu za skrubu zilikuwa safi. Mviringo. Ndani yake mizunguko ya uzi wa skrubu ilikuwa bado inaonekana kwenye mbao, mizima, kama ilivyochongwa siku ya kwanza.

Candide hakujua useremala. Lakini alijua nguo. Nguo iliyochanika huacha nyuzi zimenyofoka, na kitambaa kimeng'oka vipande. Nguo iliyofumuliwa huacha matundu yamepangana, safi, kwa sababu aliyeifumua alikuwa na muda.

"Pandu," akasema taratibu. "Skrubu ikitolewa kwa teke, inatokaje?"

"Inatoka na vipande vya mbao. Inararua."

"Na hizi?"

Pandu akaangalia. Uso wake ukabadilika. "Hizi zilifunguliwa kwa bisibisi. Wakabakiza moja tu ili kibati kisianguke. Mlango kama huo ukiusukuma kwa bega unafunguka."

"Na bisibisi hiyo ingeshikwa na mtu aliye wapi?"

Pandu akaifuta drili yake vumbi.

"Ndani," akasema. "Mlango ukifungwa kibati hiki hakionekani kutoka nje. Lazima mtu awe ndani, mama."

*

Ndani ya chumba kile waliishi wanne. Candide. Juvénal. Fiona, binti yao, ambaye hata kopo la maziwa lilimshinda kufungua. Na Yves, mdogo wake Juvénal, aliyekuja kutoka Burundi na kulala kwenye kochi akitafuta kazi ambayo haikupatikana.

Hesabu hiyo haikumchukua Candide muda.

Yves aliingia uani mchana, mkate na maziwa ya duka la spaza mkononi. Pandu alikuwa amemaliza na kuondoka. Mlango ulimeta chuma chake kipya juani, na wapangaji walikuwa wameuzunguka wakiusifu.

"Yves! Njoo hapa!"

"Naam, shemeji."

"Hii nini?"

Yves akakitazama kibati. Rangi ikamtoka usoni, na Candide akaiona ikimtoka.

"Nakuuliza! Skrubu hizi zilifunguliwa kutoka ndani. Nani alikuwa anashinda chumbani kwangu mchana kutwa? Nani alikuwa na muda wa kukaa hapa na bisibisi mimi nikiwa mjini natafuta zipu na nyuzi?"

"Shemeji, mimi sikuiba."

"Cherehani iko wapi?"

"Sikuiba."

"Gauni la Chloé liko wapi?"

Yves akatazama chini, akatazama geti. "Muulize kaka," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo Candide alipolipuka.

"Kaka yako yuko kazini! Anatafuta mkate huo ulioushika! Nimekupikia, nimekufulia, nimekuazima blanketi la mwanangu, na wewe unanifumulia mlango?"

"Basi, shemeji," akasema Yves.

Candide akaingia ndani, akalizoa begi lake na kulitupa uani. Shati likatoka, kandambili ikaruka mpaka kwenye bomba.

"Mtazameni uso huyu!" akawaambia wapangaji wote. "Mwizi wangu nilikuwa nampikia! Mkimwona tena hapa, mjue ni yeye!"

"Sasa tumemjua," akasema Damien, akiwa na furaha ya mtu aliyeambiwa kuwa kosa si la mlango wake.

Zubeda, jirani wa chumba cha pili ambaye naye aliwahi kuibiwa simu, akatema mate chini. "Vijana hawa! Eish!"

Yves akaokota kandambili yake. Hakugeuka nyuma.

Candide aliusikia utamu wa hasira, ule utamu wa kumpata mtu wa kumwangushia. Mkate ulibaki juu ya ukuta. Hakuna aliyeugusa.

Jioni Juvénal alipoambiwa, hakumtetea mdogo wake. Hakumlaani pia. Aliuliza tu, "Amekwenda wapi?"

"Nitajuaje? Aende kwa wezi wenzake."

Juvénal akapitisha mkono juu ya lile bamba refu la chuma, kutoka kiunoni mpaka kifuani. Akausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika.

"Imara," akasema, kwa sauti ya mgonjwa anayesomewa majibu.

Chakula hakukigusa.

*

Jumapili walikwenda kanisani, kwenye ukumbi wa kukodi usio mbali na soko. Fiona akaenda upande wa watoto. Kwaya ikaanza. Katikati ya wimbo Juvénal akanyanyuka na kutoka.

Candide akamfuata. Alimkuta kwenye robot, taa za barabarani, amesimama kama mtu asiyejua rangi ipi inaruhusu kuvuka.

"Umekuwaje wewe? Watu wanatutazama!"

"Ni mimi," akasema Juvénal.

"Ni wewe nini?"

"Kibati. Skrubu. Ni mimi, Mama Fiona."

Teksi zikapita zikipiga honi. Candide akadhani amesikia vibaya.

"Sema tena."

"Kazi iliisha. Tangu kabla ya Pasaka. Kampuni ilileta walinzi wengine."

"Na asubuhi unapovaa sare?"

"Nakaa bustanini. Jioni ikifika narudi."

"Nakupikia, nakupigia pasi shati, unakwenda kukaa bustanini?"

"Msimamizi aliahidi kunirudisha. Akasema nimletee kitu. Mke wake alikuwa anatafuta cherehani. Nikasema wezi walishakuja mara ya kwanza, mara ya pili nani atashangaa? Gauni lilikuwa limekwama chini ya sindano. Nilikuwa na haraka. Sikuliona."

"Na kazi alikupa?"

Juvénal akatikisa kichwa. "Sasa hapokei simu."

Kofi la Candide lilisikika ng'ambo ya barabara. Mchuuzi wa mahindi ya kuchoma akaacha kupepea moto.

"Denise ameniita mwizi!" akapiga kelele. "Chloé analia kwa sababu yako! Na mimi nimeweka bolti ndani ya matofali kuwazuia watu wa nje, kumbe mwizi nalala naye!"

"Nisamehe."

"Yves alijua?"

"Alinikuta nikiibeba cherehani. Nikamwapisha kwa kaburi la mama yetu kuwa hatasema."

Candide akashika nguzo ya robot. Muulize kaka. Kijana alikuwa amemwambia kadiri kiapo kilivyomruhusu, naye akamtupia begi.

"Na jana, nilipokuambia nimemfukuza, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi, ukamwacha mdogo wako alale barabarani. Mwanaume wewe? Hata mende waliokufa nyuma ya fremu wana aibu kukuzidi."

Simu yake ikalia ndani ya mkoba. Ikakatika. Ikalia tena. Alikuwa Zubeda, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Mama Fiona, njoo upesi! Mlango wako umekamata mwizi!"

*

Candide alivua viatu vya kanisani akakimbia peku. Juvénal alimfuata nyuma, akihema.

Geti lilikuwa wazi. Uani mlikuwa na wapangaji, na watu wa mtaani asiowajua, waliovutwa na kelele. Mlango wake ulikuwa umesimama vilevile. Ulikuwa na alama za nyayo, moja juu ya nyingine, pembeni mwa kitasa, lakini fremu haikuachia hata unywele.

Chini ya mlango alikuwa amelala Yves. Shati lilikuwa limechanwa. Damu ilikuwa inamtoka juu ya jicho. Damien alikuwa amesimama juu yake na mpini wa sululu.

"Tumekukamatia, mama!" akasema Damien. "Alikuwa anapiga mlango yako mateke!"

"Shemeji," akasema Yves kutoka chini. "Niligonga. Niligonga sana. Karatasi zangu za ukimbizi ziko chini ya kochi. Kesho ndiyo siku yangu ofisini. Nisipokuwa nazo watanirudisha."

"Anasema uongo!" mtu akapiga kelele.

Candide akapenya, akajitupa kati ya mpini na kijana. "Mwacheni! Si yeye!"

Manung'uniko yakaanza.

"Si yeye vipi?" akauliza Zubeda. "Jana ulisema mwenyewe. Ulisema tumtazame uso."

"Nilikosea! Nilikosea, jamani, hakuiba kitu!"

"Mama, usituchezee," akasema Damien, na sasa sauti yake haikuwa ya mtu anayepaka viatu rangi. "Jana mwizi, leo si mwizi? Unamuonea huruma kwa sababu ni shemeji."

"Simu yangu nani alichukua?" akasema Zubeda. "Kama aliiba kwako, aliiba na kwangu!"

Kwenye kona ya geti mtu alikuwa anaviringisha tairi kuukuu. Alilileta taratibu, bila haraka, kama anayeleta kiti kwa mgeni. Candide alikuwa ameishi Johannesburg muda wa kutosha kujua kuwa tairi kama hilo huvishwa mwizi shingoni kabla ya kiberiti.

Akaupapasa mkoba wake, akatafuta ufunguo. Kama angeufungua mlango na kumvuta Yves ndani, hakuna teke la mtaa ule lingeupita. Lakini kabla ufunguo haujafika kwenye tundu, mkono wa mtu ukamshika kwenye kifundo cha mkono.

"Kwanza tuambie," akasema mwenye mkono, mwanaume mrefu ambaye Candide hakuwahi kumwona. "Vitu viliibwa au havikuibwa?"

"Viliibwa."

"Na unajua aliyeiba."

Candide akatazama kando.

"Anajua," akasema mtu. "Mtazame. Anajua!"

"Kama si huyu," akasema yule mrefu, "ni nani?"

Yves, chini, alimshika pindo la sketi. "Usiseme, shemeji," akanong'ona. "Ni kaka yangu."

Candide akainua macho juu ya vichwa vya watu, akamtafuta mumewe. Alitegemea kumwona anakuja. Alitegemea, hata baada ya yote, kuwa mtu yule atapenya na kusema neno lake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe.

Juvénal alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea getini.

Alikuwa ameshapita bomba. Alikuwa ameshapita lile tairi. Mkono wake ulikuwa nyuma, unapapasa geti.

Tangu Fiona azaliwe Candide hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake mbele za watu.

"Juvénal!" akaita, kwa sauti iliyowafanya hata njiwa wa paani waruke. "Simama hapo hapo!"

Tairi likaacha kuviringika. Uani kote, vichwa vikamgeukia mtu aliyeshika geti.